Vuga: Mji wa Wafalme Ukingoni mwa Milima ya Usambara

Msafiri atokaye Tanga kwa barabara iendayo Moshi, apitapo Korogwe na kukaribia Mombo, huona upande wake wa kulia ukuta mkubwa wa milima ukisimama ghafula kutoka katika nyanda kavu za bonde la Mto Pangani. Huo ndio ukingo wa Usambara ya Magharibi. Juu ya ukingo huo, si mbali na Soni, iko Vuga, ambayo leo ni kata mojawapo ya Halmashauri ya Bumbuli katika Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Mgeni asiyejua historia atadhani kwamba ni mahali pa kawaida kama vijiji vingine vya milimani: migomba, mashamba ya mahindi na maharagwe, na njia nyembamba zipandazo na kushuka. Lakini kwa zaidi ya karne moja Vuga ilikuwa mji mkuu wa ufalme wa Wakilindi, dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote katika kaskazini mashariki ya nchi yetu.

Nchi nyingine zina miji midogo iliyopata umaarufu mkubwa kwa sababu historia yake inasomeka katika mawe. Mji wa Ronda, kusini mwa Hispania, umejengwa juu ya jabali lililopasuliwa na korongo lenye kina cha mita 100 hivi, na daraja lake kubwa la mawe, lililokamilika mwaka 1793, huwavuta wageni kutoka kila pembe ya dunia. Vuga nayo ni mji wa ukingoni, na ilikuwa imekwisha kuwa makao ya wafalme wakati daraja hilo lilipokuwa likijengwa. Tofauti ni kwamba majengo ya Vuga yalikuwa ya miti, udongo na majani, vitu ambavyo havidumu. Kwa hiyo atakaye kuisoma historia ya Vuga hana budi kuisoma mahali pengine: katika sura ya nchi, katika mvua na mimea, katika masimulizi ya wazee na katika maandishi machache ya wageni. Makala haya yana shabaha ya kuwaonyesha walimu na wanafunzi jinsi masomo ya jiografia, elimu-viumbe na historia yanavyoweza kushirikiana kulijibu swali moja: kwa nini mji mkuu ulikuwa hapa, na wala si penginepo?

UMRI WA MILIMA

Milima ya Usambara ni sehemu ya mfululizo wa milima inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguu, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa. Wanasayansi huiita milima hiyo kwa pamoja Tao la Mashariki. Haikutokana na volkano kama Kilimanjaro au Meru. Miamba yake ni miamba geu, yaani miamba ya kale iliyobadilishwa umbo na joto kali na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi, na umri wake ni mamia ya mamilioni ya miaka. Baadaye sana ganda la dunia lilipasuka, na mapande makubwa ya miamba hiyo yakanyanyuliwa juu huku mengine yakididimia. Unyanyuaji huo ulianza zamani sana, yapata miaka milioni 30 iliyopita au zaidi. Ndiyo sababu milima hii ina kingo zilizosimama wima kama ukuta, na juu yake kuna nchi pana ya vilima na mabonde wala si kilele kimoja kilichochongoka. Bonde la Mto Lwengera limeigawa Usambara katika pande mbili: Usambara ya Mashariki, ambako iko Amani, na Usambara ya Magharibi, ambako ziko Lushoto, Mlalo, Bumbuli na Vuga. Sehemu za juu kabisa za Usambara ya Magharibi zinazidi mita 2,200 kutoka usawa wa bahari.

Kilimanjaro, kwa kulinganisha, ni mlima mchanga mno. Jambo hili lina maana kubwa kwa viumbe, kama tutakavyoona mbele.

MVUA NA UBARIDI

Upepo utokao Bahari ya Hindi huja na mvuke mwingi. Unapokutana na ukuta wa milima hulazimika kupanda. Hewa ipandayo hutanuka na kupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuubeba mvuke wote iliokuwa nao. Mvuke huo hugeuka kuwa matone, nayo matone huwa mawingu, ukungu na mvua. Kwa sababu hiyo pande za kusini na mashariki za Usambara, zinazoelekea baharini, hupata mvua nyingi, lakini nchi iliyo nyuma ya milima, upande wa kaskazini magharibi, hubaki kavu. Mkomazi, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, iko katika kivuli hicho cha mvua.

Pamoja na mvua kuna ubaridi. Kwa kawaida halijoto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Mombo iko kwenye mita 400 hivi, na mji wa Lushoto kwenye mita 1,400 hivi. Mwanafunzi atakayefanya hesabu ataona kwamba siku ambayo Mombo ina nyuzi 32, Lushoto hutarajiwa kuwa na nyuzi 26 hivi. Njia ya gari kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 tu, lakini katika safari hiyo fupi mtu hutoka katika nchi ya mikonge na miiba na kuingia katika nchi ya mboga, matunda ya baridi na ukungu wa asubuhi.

Washambaa waliitambua tofauti hiyo zamani kabla ya kuwapo vipimajoto. Katika lugha yao nchi ya juu huitwa Shambaai, na nchi ya chini huitwa nyika. Mipaka hawakuichora katika ramani. Waliijua kwa mimea, kwa kuwa palipo na miti na majani ya aina fulani ndipo ilipo Shambaai, na palipo na mingine ni nyika. Mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman, aliyeishi na wazee wa Usambara akiyakusanya masimulizi yao na kuandika kitabu juu ya ufalme huo kilichochapishwa mwaka 1974, alionyesha kwamba vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa milima. Jambo hilo lilikuwa na sababu nzuri ya kiuchumi. Mtu akaaye ukingoni aliweza kuwa na migomba yake juu, penye mvua ya kutumainiwa, na pia kushuka kulima mazao mengine chini, mahali ambapo joto huyakomaza upesi. Ukame ulipoharibu mazao ya nyika, migomba ya juu ilimwokoa. Na kilichopungua juu kiliweza kutafutwa chini. Tena mwamba uliosimama wima ulikuwa boma la kutosha dhidi ya maadui watokao nyikani.

Hilo ndilo jibu la kwanza la swali letu. Vuga iko mahali ambapo nchi mbili zenye tabia tofauti zinakutana.

MWINDAJI NA NGURUWE MWITU

Watu walikaa katika milima hii muda mrefu kabla ya Wakilindi. Vigae vya vyungu vya aina ya Kwale, vilivyotengenezwa na wakulima na wafua chuma wa karne za kwanza baada ya Kristo, vimeonekana katika milima ya kaskazini mashariki ya Tanzania. Lakini habari za Vuga kama mji wa wafalme zinaanza na mtu mmoja, Mbegha, aliyeishi yapata nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Masimulizi yanasema kwamba Mbegha alikuwa mwindaji kutoka milima ya Nguu. Alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, jambo lililohesabiwa kuwa kisirani, na ndugu zake wakamnyima urithi. Akaenda Kilindi, huko mwana wa mtawala alifariki alipokuwa pamoja naye mawindoni, na Mbegha akakimbilia porini na mbwa wake. Mwishowe akapanda Usambara. Wenyeji walikuwa wakisumbuliwa na nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba. Mbegha aliwaua nguruwe hao, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Alipoonekana pia kuwa hodari wa kuamua mashauri, sifa zake zikaenea hadi Bumbuli, na hatimaye watu wa Vuga wakamwita awe mtawala wao. Usiku mmoja alipokuwa njiani alimwua simba, na kwa ajili hiyo wafalme waliomfuata wakaitwa Simba Mwene. Kila mfalme mpya alipotawazwa aliingia Vuga usiku, kama kumbukumbu ya siku ile.

Mwanafunzi wa sayansi asiyapuuze masimulizi kama haya kwa kuwa yana mambo ya ajabu ndani yake. Ndani ya hadithi ya Mbegha imo elimu ya mazingira. Mashamba yanayopakana na msitu hushambuliwa na wanyama watokao msituni, na hali hiyo ingali inawasumbua wakulima wengi hata leo. Wakulima wa migomba wana chakula kingi cha wanga, lakini wana upungufu wa protini; mwindaji ana nyama, ila hana wanga. Ubadilishanaji wao ulikuwa wa manufaa kwa pande zote mbili. Tena hadithi inaeleza msingi wa utawala kama wenyeji walivyouona: mtawala ni yule anayelinda mazao, anayegawa chakula na anayepatanisha watu.

Masimulizi haya yasingetufikia kwa ukamilifu kama si kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, aliyewahi kumtumikia Semboja, mmoja wa wakuu wa Kikilindi. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikachapishwa upya mwaka 1962. Ni mojawapo ya vitabu vikubwa vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili kuhusu historia ya bara, na kingefaa kuwamo katika kila maktaba ya shule.

VUGA KATIKA ENZI YA KIMWERI

Ufalme ulifikia upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mwaka 1815 hivi hadi 1862. Nguvu zake zilienea kutoka Vuga hadi karibu na pwani ya Tanga na Pangani, ambako maliwali na madiwani walihitaji kibali chake pamoja na kile cha Sultani wa Unguja. Aliwaweka wanawe kuwa watawala wa sehemu mbalimbali za nchi, na kodi na zawadi zilikuja Vuga kutoka kila upande.

Mwaka 1848 alifika mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, naye alirudi tena mwaka 1852. Krapf aliandika kwa mshangao juu ya utaratibu na amani aliyoiona katika nchi ya Kimweri. Februari 1857 walifika Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakiwa bado katika maandalizi ya safari yao kubwa ya kwenda Ziwa Tanganyika. Burton aliandika kwamba Vuga ilikuwa na vibanda kama 500 na, kwa habari alizoambiwa, watu wapatao 3,000. Hakuruhusiwa kulala ndani ya mji, kwa maana wageni walizuiwa kuingia mahali walipokaa wake za mfalme. Alimkuta Kimweri amekwisha kuwa mzee mgonjwa, ambaye alitumaini kwamba mganga huyo wa Kizungu angempa dawa ya kumrudishia afya yake.

Nyumba zote za Vuga zilikuwa za msonge, zenye paa la majani lililoshuka hadi karibu na ardhi. Umbo hilo lina hekima ya kifizikia. Nyumba ya duara ina ukuta mfupi kuliko nyumba ya mraba yenye eneo lile lile la sakafu. Kwa hiyo hupoteza joto kidogo zaidi wakati wa baridi, na paa lenye mteremko mkali huyamwaga maji ya mvua kabla hayajapenya. Kwa mfano, nyumba ya mraba yenye eneo la mita 25 za mraba ina ukuta wa mita 20 kwa jumla, na nyumba ya duara yenye eneo hilo hilo ina ukuta wa mita 17.7 tu. Walimu wa hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi wao zoezi hilo.

NJIA YA BONDENI

Mahali palipoipa Vuga nguvu ndipo palipoidhoofisha. Katikati ya karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliongezeka sana, na misafara ikawa inapita katika bonde la Pangani, chini ya ukingo. Mwenye kuitawala njia hiyo alipata bunduki na baruti. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa ameweka makao yake Mazinde, chini kabisa penye njia ya misafara. Baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862, ufalme ulimwangukia mjukuu wake Shekulwavu, aliyekaa Vuga juu mlimani akiwa na heshima ya kiti lakini hana bunduki za kutosha. Semboja akamshinda, akaiteka Vuga, na akamweka mwanawe kuwa mfalme huko, ilhali yeye mwenyewe alibaki Mazinde. Wakati huo huo, yapata mwaka 1868, Wabondei wakauasi utawala wa Wakilindi katika vita vilivyojulikana kwa jina la Kiva. Vita vya ndugu kwa ndugu viliendelea miaka mingi, na watu wengi waliuzwa utumwani.

Katika hali hiyo ya mgawanyiko Wajerumani waliikuta nchi. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mfalme aliyekuwa Vuga. Mwaka huo huo wamisionari wa Bethel walijenga kituo chao Vuga, ambako baadaye palikuwa na kiwanda cha kuchapa vitabu kilichotoa maandishi mengi ya Kiswahili na kulieneza jina la Vuga hadi mbali. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Wajerumani walifanya Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, kuwa makao yao ya utawala. Tangu hapo njia kuu ikawa ni ile ya Mombo, Soni na Lushoto, na Vuga ikaachwa pembeni.

KUZIFYA SHI NA KUBANA SHI

Washambaa wana maneno mawili yanayoeleza kwa ufupi falsafa yao ya utawala na mazingira: kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Waliamini kwamba mfalme mwenye nguvu moja isiyo na mpinzani huleta mvua na shibe, na kwamba wakuu wanaposhindana nguvu kwa nguvu, nchi huharibika na njaa huingia. Imani hiyo ilidumu muda mrefu. Mwaka 1947, mvua zilipokosekana, wananchi walikusanyika kumlalamikia mfalme Shebughe Magogo, naye akajiuzulu. Aliyemfuata, Kimweri Mputa Magogo, alikuwa wa mwisho kukalia kiti hicho kwa mamlaka ya serikali, kwani utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Sayansi haikubali kwamba mtu anaweza kuiamuru mvua inyeshe. Lakini mvua kidogo na njaa si kitu kimoja. Ukame ni jambo la anga. Njaa hutokana pia na jinsi watu wanavyoishi. Pakiwa na vita, watu hawathubutu kushuka nyikani kulima, chakula hakisafirishwi kutoka penye wingi kwenda penye upungufu, na ghala huporwa. Pakiwa na amani, mkulima wa ukingoni hutumia nchi zote mbili, na mwaka mbaya hupita bila maafa makubwa. Kwa maana hiyo wazee walikuwa na haki kuunganisha utawala na shibe, ingawa maelezo yao kuhusu mvua yalikuwa tofauti na yetu.

Somo hilo lilithibitika tena katika suala la mmomonyoko wa udongo. Watu walipozidi kuongezeka, na sehemu kubwa ya ardhi ikiwa imetengwa kwa mashamba ya walowezi na hifadhi za misitu, muda wa kupumzisha mashamba ulifupishwa, na miteremko mikali ikalimwa. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ikaueneza sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kujenga matuta. Kwa upande wa ufundi, matuta yanaweza kupunguza kasi ya maji. Lakini kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake, na faida yake haikuonekana upesi katika vishamba vidogo. Mpango uliletwa kwa amri na faini, ukapingwa vikali, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaachwa. Chuki dhidi ya matuta ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya wananchi wa Usambara wajiunge na TANU.

Mwaka 1981 ulianza mpango mwingine wa kuzuia mmomonyoko na kuchanganya miti na mazao, kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Safari hii wakulima walishauriwa kupanda mistari ya majani ya Guatemala na miti kwa kufuata kontua. Majani huzuia udongo, na wakati huo huo ni chakula cha ng'ombe wa maziwa anayefugwa zizini. Mbolea ya zizi nayo hurudi shambani. Mkulima aliyeona maziwa hakuhitaji faini ili kuyatunza majani.

Katika kijiji cha Kwalei, watafiti na wakulima wameuchunguza pia mmea wa kienyeji uitwao tughutu, wa jenasi ya Vernonia. Udongo wa milima yenye mvua nyingi ni wenye asidi, na chuma na alumini vilivyomo hushikamana na fosforasi hata mimea ishindwe kuipata. Majani ya tughutu yakichanganywa na unga wa mawe ya fosfeti kutoka Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, huurutubisha udongo kuliko mawe hayo peke yake. Hapo ujuzi wa wazee juu ya mimea umekutana na kemia ya udongo.

HAZINA YA VIUMBE

Kwa kuwa milima hii ni ya kale, na kwa kuwa unyevu wa Bahari ya Hindi haukuikatikia hata dunia ilipopitia vipindi vya ukavu, misitu yake ilibaki kama visiwa katikati ya nyika. Kiumbe kilichofungiwa katika kisiwa kwa muda mrefu hubadilika polepole mpaka kikawa spishi ya peke yake. Ndiyo sababu Usambara ina mimea na wanyama wengi wasiopatikana mahali pengine popote duniani.

Mfano mashuhuri ni ua dogo la urujuani ambalo sasa hupandwa katika vyungu madirishani huko Ulaya na Amerika. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani katika Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Tangu mwaka 2015 wanasayansi wamelihesabu kuwa katika jenasi ya Streptocarpus. Aina mojawapo, iitwayo shumensis, imepewa jina la Shume katika Usambara ya Magharibi. Biashara ya maua hayo imeenea dunia nzima, lakini mimea mama ingali inashikilia mawe yenye kivuli katika misitu inayozidi kupungua.

Kinyonga wa pembe mbili wa Usambara ya Magharibi naye hapatikani penginepo. Inapendeza kujua kwamba mwaka 2006 wanasayansi walipotafuta jina la jenasi ya vinyonga hawa walichagua Kinyongia, kutoka katika Kiswahili chetu. Katika miti kuna mkulo, yaani Ocotea usambarensis, ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la milima hii, na ambao mbao zake zimewaponza, kwa kuwa umekatwa mno. Miti ya Shume, hasa mwangati, ilikatwa kwa wingi tangu enzi ya Wajerumani, ambao walijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremshia magogo hadi Mkumbara.

Misitu mikubwa iliyosalia ni Magamba, Shagayu na Mazumbai. Mazumbai, karibu na Bumbuli, ilitolewa zawadi kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na mlowezi wa Kiswisi aliyekuwa ameuhifadhi, na sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Misitu hiyo hufanya kazi kama sponji: majani yaliyooza na mizizi hupokea maji ya mvua na kuyaachia polepole. Mto Umba huanzia katika Usambara ya Magharibi na kwenda kuishia pwani karibu na Vanga. Vijito vingine huuongezea maji Mto Pangani, ambao huendesha mitambo ya umeme. Maporomoko ya Soni, yanayowavutia wapita njia, ni sehemu ya mfumo huo huo. Msitu ukiisha juu, chini hupatikana mafuriko wakati wa masika na mito mikavu wakati wa kiangazi.

KAZI KWA SHULE

Vuga na jirani zake ni darasa lililo wazi. Shule yoyote iliyo karibu inaweza kufanya mambo yafuatayo bila gharama kubwa.

Kwanza, kupima mvua. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kwa kuanzia. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Shule moja ya milimani na moja ya Mombo zikilinganisha vipimo vyao kwa mwaka mzima, wanafunzi wataona kwa macho yao kazi ya milima.

Pili, kupima mmomonyoko. Vijiti vyenye alama vikichomekwa shambani kabla ya masika, huonyesha ni udongo kiasi gani umeondoka. Milimita moja ya udongo ikichukuliwa katika hekta moja ni mita za ujazo 10, ambazo ni tani 12 hivi. Shamba lenye mistari ya majani lilinganishwe na lisilo nayo.

Tatu, kukusanya majina ya mimea kwa Kishambaa pamoja na matumizi yake, kukausha vielelezo, na kuandika mahali na tarehe ya kila kielelezo. Majina ambayo bibi anayajua na mjukuu hayajui hupotea pamoja na bibi.

Nne, kuandika masimulizi ya wazee kuhusu Vuga: mahali palipokuwa na soko, njia, chemchemi na makaburi ya wafalme. Makaburi yaheshimiwe, na ruhusa ya wenyeji iombwe kabla ya kuyaendea.

Kazi hizi zikifanywa kwa uangalifu na kumbukumbu zake zikahifadhiwa shuleni mwaka baada ya mwaka, wanafunzi watakaokuja watakuwa na vipimo vya kulinganisha, na viongozi wa vijiji watapata msingi wa kuamua ni miteremko ipi ilimwe na ipi irudishiwe miti. Wazee wa Vuga waliwahukumu wafalme wao kwa hali ya nchi. Kizazi cha sasa kina vyombo bora zaidi vya kuipima hali hiyo, na inafaa kianze kuvitumia.